Biti ya rangi ya dhahabu: ugumu peke yake hautoshi

Juzi nilinunua biti ya drili yenye rangi ya dhahabu ili nitoboe chuma cha dirisha nyumbani. Tundu la tatu halikuisha; ncha ilikuwa imelika. Fundi wangu aliitazama, akacheka: "Sheikh, hapa umenunua rangi." Nikaona nitafute ukweli wa rangi hiyo.

Kwenye biti ya kweli, dhahabu ile ni nitridi ya titaniamu, yaani titaniamu iliyoungana na nitrojeni. Biti huwekwa katika chumba kilichoondolewa hewa. Titaniamu hugeuzwa mvuke kwa nguvu za umeme, ikaungana na gesi ya nitrojeni na kutua juu ya chuma chembe kwa chembe. Utando huo kwa kawaida una unene wa mikromita 2 hadi 5. Unywele wa kichwani una kama 70.

Ugumu wake hupimwa kwa gigapaskali. Chuma kizuri cha biti kina kama 8 au 9, nitridi ya titaniamu 20 na zaidi kidogo, almasi 70 hadi 100. Je, utando waweza kupandishwa kuikaribia almasi?

Njia ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa punje za fuwele zilizomo ndani yake. Kitu kigumu hulegea pale kasoro ndogo zinapoteleza ndani ya punje; punje zikiwa ndogo, kasoro hukwama mipakani. Lakini zikishuka chini ya takriban nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), punje zenyewe huanza kuteleza, moja juu ya nyingine, kama mchanga mkavu.

Mwaka 1995, Vepřek na Reiprich wa Munich, Ujerumani, walieleza njia ya kuzizuia. Waliongeza silikoni. Punje za nitridi ya titaniamu zikabaki za nanomita chache, na kila moja ikazungukwa na nitridi ya silikoni nyembamba mno, karibu tabaka moja la molekuli. Fikiria kuta za Mji wa Kale, mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa kikikosekana mawe hucheza, kikizidi ukuta hudhoofika. Silikoni nayo ikizidi, ugumu hushuka.

Tando za aina hii zimevuka gigapaskali 40. Vepřek alidai hata kufikia almasi, lakini watafiti wengine hawakuweza kupata matokeo hayo, na ubishi ukadumu miaka mingi.

Somo kubwa lilikuja mwaka 2000, pale Leyland na Matthews wa Uingereza walipoonyesha kuwa ugumu peke yake hautabiri kudumu. Utando mgumu usioweza kunesa pamoja na chuma kilicho chini yake hupasuka. Kwa hivyo anayesanifu utando huangalia uwiano wa ugumu na ukinzani wake wa kunesa. Kisha huangalia kama umeshikana vyema na chuma, na kama chuma chenyewe ni imara. Utando bora juu ya chuma laini ni ganda la yai juu ya godoro.

Hapo ndipo biti yangu ilipoanguka. Rangi ya dhahabu haithibitishi chochote, kwani chuma duni pia hupakwa. Ukinunua, uliza kwanza chuma ni cha aina gani. Alama ya HSS humaanisha chuma cha kukata kwa kasi, ingawa alama nayo huigwa, basi nunua kwa muuzaji unayemwamini. Toboa kwa mwendo wa taratibu na utie mafuta, maana joto ndilo adui. Na ujue kuwa ukiinoa biti, utando wa nchani huondoka. Baada ya hapo unategemea chuma chenyewe.