Hasheem Thabeet na Timu za Mwaka 2009

 Sogeeni karibu na redio. Mwenye daftari na kalamu aviweke tayari, maana ingawa leo ni siku ya historia, tutaandika hesabu kidogo.

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Michezo nayo ina historia yake, na mtu akiisoma vizuri huweza kujifunza namna ya kupima maneno ya watu. Leo tutazungumza juu ya mpira wa kikapu. Tutamfuata kijana wa Dar es Salaam ambaye mwaka 2009 alichaguliwa na timu ya Marekani akiwa wa pili katika orodha nzima ya vijana wa mwaka ule. Swali letu ni moja. Twawezaje kujua, kabla msimu haujaanza, kwamba timu hii itashinda na ile itashindwa? Wengi hujibu upesi: hesabu majina makubwa. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na nitawaonyesha kwa namba.

Ubishi wenyewe mnaujua. Kila mwaka ligi ya kandanda inapokaribia, watu hukaa barazani wakashindana kwa maneno juu ya Simba na Yanga: huyu kasajili nani, yule kamwacha nani. Walakini mwaka 2019 Namungo ya Ruangwa, jirani zetu wa Mkoa wa Lindi, ilipanda Ligi Kuu bila kuwa na majina ya kulingana na hao wakubwa wawili. Msimu wake wa kwanza ikamaliza katika nafasi ya 4, tena ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la mwaka 2020, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Hayo ni ya kandanda, nayapita.

Mpira wa kikapu ulianzishwa mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Marekani. Aliyeuanzisha ni mwalimu mmaoja mzaliwa wa Kanada, jina lake James Naismith. Alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani, kimoja kila upande, akawaambia vijana watupie mpira humo. Ndiyo maana mpaka leo twasema kikapu. Uwanjani huingia watu 5 kila upande, na kapu hutundikwa futi 10 kutoka chini, yaani mita 3 na kidogo. Basi mtu mrefu ana faida iliyo wazi: yu karibu na kapu kuliko wenzake.

Ligi kubwa ya mchezo huu huko Marekani huitwa NBA. Ilianza mwaka 1946. Ina timu 30, na kila timu hucheza michezo 82 kwa msimu wa kawaida. Kisha timu bora huingia katika mtoano, na huko timu mbili hukutana mara kwa mara mpaka mmoja ashinde mara 4.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwetu katika kandanda halipo. Kila mwaka timu hizo huchagua vijana wapya kwa zamu. Fedha haziamui nani atangulie. Timu zilizoshindwa sana huingizwa katika bahati nasibu, na hizo ndizo hupata zamu za mwanzo, ili mnyonge naye apate nafasi ya kuinuka. Ninyi wakulima wa korosho mtaelewa upesi. Kwenye ghala korosho hupimwa na kupangwa madaraja, na chache hupasuliwa ili kiini kionekane. Lakini kijana hapasuliwi. Wanunuzi humtazama kwa nje: urefu wake, mbio zake, na alivyocheza chuoni. Kiini huonekana baadaye, akisha kuingia kazini.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Hakuanza kucheza mpira wa kikapu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Shikeni hilo, maana wenzake wa Marekani huanza wakiwa watoto wadogo. Alikuwa mrefu mno, na alipokoma kukua alifika futi 7 na inchi 3, yaani mita 2 na sentimita 21. Alikwenda Marekani kusoma sekondari, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun.

Huko alifanya kazi kubwa. Katika msimu wa 2008–09 alipata wastani wa pointi 13.6 kwa kila mchezo, akadaka mipira 10.8 iliyorudi kutoka kapuni, na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani. (Wastani, mnakumbuka, ni jumla iliyogawanywa kwa idadi ya michezo.) Miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alipewa heshima ya mlinzi bora wa ligi ya vyuo waliyokuwamo. Mwaka 2009 timu yake ilifika katika timu 4 za mwisho za vyuo vya Marekani nzima. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba alichaguliwa kwa urefu peke yake.

Mwalimu wa darasa, andika ubaoni. Katika msimu wa 2008–09 Los Angeles Clippers walishinda michezo 19 kati ya 82. Memphis Grizzlies walishinda 24. Oklahoma City Thunder 23. Sacramento Kings 17. Minnesota Timberwolves 24. Golden State Warriors 29. Wote hawa walikuwa wanyonge.

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, vijana walichaguliwa. Clippers, waliopata zamu ya kwanza, walimchukua Blake Griffin. Zamu ya pili ilikuwa ya Memphis, mji ulio kando ya mto Mississippi, nao wakamchukua Hasheem Thabeet. Hapakuwa na Mtanzania aliyewahi kufika hapo. Oklahoma City wakamchukua James Harden. Sacramento wakamchukua Tyreke Evans. Minnesota walikuwa na zamu mbili zilizofuatana, ya 5 na ya 6, wakawachukua Ricky Rubio na Jonny Flynn. Zamu ya 7 ilikuwa ya Golden State, na hao wakamchukua kijana mwembamba mwenye shabaha, jina lake Stephen Curry.

Sasa andikeni namba za msimu uliofuata, 2009–10. Clippers walishinda 29. Memphis 40. Oklahoma City 50. Sacramento 25. Minnesota 15. Golden State 26.

Zitazameni kwa makini. Memphis walipanda kwa michezo 16. Golden State, wenye Curry, walishuka kwa michezo 3. Mtu aliyesoma ubao huu tu mwaka 2010 angeweza kusema kwa sauti kubwa kwamba Memphis walichagua vema, na Golden State walikosea. Mnaona hatari yake? Namba ni za kweli zote, lakini mtu ameambiwa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni hii. Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo, na mchezo una dakika 48. Akapata pointi 3.1. Mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini, kwenye timu ya Dakota Wizards. Basi kupanda kwa Memphis kulitoka kwingine. Julai 2009, majuma machache tu baada ya siku ile ya uchaguzi, Memphis walimpata Zach Randolph kutoka Clippers. Huyu hakuwa kijana mpya. Wakati ule alikuwa na miaka 28, alikwisha pita timu kadhaa, na msimu ule akapata wastani wa pointi 20.8 na kudaka mipira 11.7. Pamoja naye walikuwapo Mike Conley, O.J. Mayo, Rudy Gay, na katikati, mahali hasa ambapo Thabeet angesimama, Marc Gasol.

Huyu Gasol nataka tukae naye kidogo. Ni Mhispania. Mwaka 2007 alichaguliwa akiwa wa 48. Haikuwa Memphis iliyomchagua, ilikuwa Los Angeles Lakers. Haki ya kumtumia ilipelekwa Memphis Februari 2008, katika mapatano ya kumwachia Lakers kaka yake mkubwa, Pau Gasol, ambaye wakati ule ndiye aliyejulikana. Marc hakuwa na haraka ya mguu wala hakuruka sana. Lakini alikwisha cheza na watu wazima huko Hispania, akawa mchezaji bora wa ligi yao mwaka 2008, tena alikuwamo katika timu ya Hispania iliyotwaa kombe la dunia mwaka 2006. Alijua asimame wapi na mpira ampe nani.

Kwa hiyo Memphis walikuwa tayari na mtu wa katikati wakati walipomchagua mwingine wa katikati. Mtu mwenye majembe mawili na hana panga, akiletewa jembe la tatu, hata liwe jipya na la chuma kizuri, kichaka chake hakitafyekwa. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji dakika nyingi za kukosea na kusahihishwa, na timu ile haikuwa na dakika hizo za kumpa. Hilo silo kosa la urefu wake. Sisemi kwamba yeye hakuwa na upungufu, maana hata alikokwenda baadaye hakupata nafasi kubwa. Nasema kwamba waliomcheka walikuwa wavivu wa kutazama.

Februari 2011 Memphis walimtoa Thabeet kwenda Houston, pamoja na mwenzake mmoja na zamu ya kuchagua ya mwaka mwingine, wakampata Shane Battier na kijana Ish Smith. Battier alikuwa mzee kidogo, mtu wa ulinzi, si jina la kupigiwa kelele. Mwezi Aprili Memphis waliingia katika mtoano wakiwa wa mwisho upande wao, wa 8, na kupangiwa San Antonio Spurs, waliokuwa wa kwanza. Ndugu wanafunzi, Memphis ilikuwa imeingia mtoano mara 3 zamani, mwaka 2004, 2005 na 2006, na kila mara ikafungwa michezo 4 kwa 0. Michezo 12, bila hata ushindi mmoja. Tarehe 17 Aprili 2011, zikiwa zimebaki sekunde 24 hivi, Battier alitupa mpira kutoka mbali ukaingia, pointi 3. Memphis wakashinda 101 kwa 98. Ndio ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu timu ianzishwe mwaka 1995. Wakaendelea, wakawatoa San Antonio michezo 4 kwa 2.

Je, na wale wengine? Oklahoma City walipopanda kwa michezo 27, Harden hakuwa sababu kubwa. Alikuwa akianzia benchi, akapata wastani wa pointi 9.9. Kazi ilifanywa na Kevin Durant na Russell Westbrook, waliokuwapo tangu awali. Lakini Oklahoma walimwekea mahali pake, na mwaka 2012 wakafika fainali, wakafungwa na Miami. Kisha wakamwachia aende Houston, na huko mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Golden State nao walikuwa na taabu ya majembe mawili. Curry alimkuta Monta Ellis, ambaye kazi yake ilikuwa karibu ileile. Msimu wa 2011–12 Curry aliumwa kifundo cha mguu, akacheza michezo 26 tu. Hata hivyo Machi 2012 ni Ellis waliyemtoa, wakampata Andrew Bogut, mtu mrefu wa katikati waliyemhitaji. Mwaka 2015 walishinda michezo 67 wakatwaa ubingwa. Timu iliyoshuka mwaka 2010 ndiyo iliyopanda juu kuliko zote tulizoziandika ubaoni.

Siku moja Thabeet na Flynn, kijana wa zamu ya 2 na kijana wa zamu ya 6, walisafirishwa pamoja. Ilikuwa Machi 2012, kutoka Houston kwenda Portland, kwa ajili ya mkongwe mmoja, Marcus Camby. Baadaye mwaka uleule Thabeet alijiunga na Oklahoma City. Msimu huo, 2012–13, Oklahoma walishinda michezo 60 na Memphis 56. Mei 2013 wakakutana katika mtoano. Westbrook alikuwa ameumia goti. Memphis wakashinda michezo 4 kwa 1, na Marc Gasol, yule wa 48, mwaka ule ndiye aliyetangazwa kuwa mlinzi bora wa NBA.

Thabeet alicheza NBA mpaka mwaka 2014, michezo 224 kwa jumla. Baada ya hapo alicheza Japani na Taiwan pia.

Mwalimu wa darasa, usifute ubao bado. Kila mwanafunzi aandike tofauti ya ushindi wa kila timu kati ya misimu ile miwili, kisha aseme kwa maneno yake ni habari gani nyingine angeitaka kabla ya kuamua nani alichagua vema. Majibu mtasomeana wenyewe kwa wenyewe. Kwaherini mpaka somo lijalo.