Kemia ya Tanuri la Wahaya

Mwanafunzi wa kemia afikapo miaka ya mwisho ya shahada yake huikuta elimu hiyo imekwisha kugawanywa mafungu. Kemia ya uchanganuzi humfundisha kutambua kitu kimefanyika kwa nini na kwa kiasi gani; kemia ogania humweleza habari za kaboni na vitu vitokanavyo na viumbe hai; kemia ya kifizikia humpimia joto, nishati na mwendo wa mabadiliko. Mifano apewayo mara nyingi hutoka katika viwanda vya Ulaya. Hatuna ugomvi nayo. Lakini twadhani upo mfano mwingine uwezao kuyajaribu mafungu yote matatu kwa pamoja, nao umelala katika mashamba ya migomba ya Buhaya, mkoani Kagera: vipande vyeusi, vizito, vyenye vitundu, ambavyo jembe huvigonga na mkulima huvitupa kando. Hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya matanuri ya kale.

Habari ya matanuri hayo haikuanzia maabara. Ilianzia vinywani mwa wazee. Huko Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, masimulizi humtaja mfalme Rugomora Mahe na mti mkongwe uitwao Kaiija, ambao jina lake lahusishwa na kazi ya ufuaji chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyasikiliza masimulizi hayo, na mwaka 1970 akachimba mahali palipotajwa. Chini ya ardhi zilionekana dalili za kazi ya chuma ya kale sana, iliyoitangulia enzi ya mfalme huyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Walimu wa historia wasilipite jambo hili upesi: watu walikuwa wameihifadhi kumbukumbu ya mahali, ingawa jina la mfalme lilikuja kuwekwa juu yake baadaye.

Uyeyushaji wenyewe ulikuwa umekoma. Vyuma na majembe ya ng'ambo yalikuwa yamelijaza soko wakati wa ukoloni, na walioujua ufundi walikuwa wazee tu. Mwaka 1976 Schmidt, pamoja na mtaalamu wa metali Donald Avery, waliwaomba baadhi yao wajenge tena tanuri. Shimo lilichimbwa, likakandikwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto mkali. Ndani yake yakachomwa matete ya bwawani hadi yakawa makaa. Juu ya shimo zikajengwa kuta za vipande vya mavi ya chuma ya zamani vilivyoshikanishwa kwa udongo, na mabomba ya udongo yakaingizwa mpaka ndani ya tanuri, yakapuliziwa hewa kwa mivukuto. Kisha makaa na madini, makaa na madini, saa baada ya saa. Majaribio ya kwanza hayakufaulu walivyotaka. Wazee wakabadili hiki na kile, wakajaribu tena, mpaka chuma kikapatikana. Sisi twaona kwamba hapo ndipo ilipo sayansi hasa, maana kukumbuka peke yake kusingalitosha.

Ni nini kitendekacho ndani? Mti ni selulosi na lignini; ukichomwa kwa hewa haba, sehemu kubwa hutoka kama moshi na mvuke, ikabaki kaboni. Hilo ni fungu la kemia ogania, nasi hatutalikalia. Lililo zito ni hili. Hewa ya mivukuto hukutana na makaa, ikatokea dioksidi ya kaboni. Gesi hiyo ipitapo katika makaa yenye joto la zaidi ya nyuzi 700 hivi za Sentigredi, huchukua kaboni nyingine na kugeuka kuwa monoksidi ya kaboni. Hiyo ndiyo iyanyang'anyayo madini oksijeni yake. Wala madini hayageuki chuma kwa mara moja. Hushuka ngazi kwa ngazi, kila oksidi ikiwa na oksijeni pungufu kuliko iliyotangulia, na kila ngazi ina joto lake na uwiano wake wa gesi. Gesi isipotosha, mabadiliko hurudi nyuma. Mchanga uliomo katika madini huungana na sehemu ya oksidi ya chuma yakawa mavi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi, ilhali chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Ndiyo sababu mavi hutiririka, na chuma hubaki bonge. Na chuma kilichonywa kaboni kidogo huwa pua, yaani chuma kigumu kishikacho makali.

Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science la Marekani. Waliandika kwamba joto mbele ya mabomba lilifika nyuzi 1,800 hivi, na kwamba sababu yake ni mabomba kuingia ndani sana: hewa ilipashwa moto humo kabla ya kuyafikia makaa. Katika Scotland, James Neilson alipewa hataza ya kupasha moto hewa ya tanuri mwaka 1828. Kwa maelezo hayo Wahaya walikuwa wametangulia kwa karne nyingi, maana matanuri ya jinsi hiyo yalikadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Neno hilo halikupita bila kupingwa. Mwaka 1986 Rehder, mtaalamu wa metali wa Canada, kwa hoja za upashanaji joto, alikataa kwamba hewa yaweza kupata joto la maana ndani ya bomba kama lile. Avery na Schmidt wakamjibu. Sisi hatuoni aibu yoyote katika ubishi huo. Tanuri linalobishaniwa kwa hesabu limepewa heshima ile ile ipewayo tanuri la Neilson. Kinachotuudhi ni desturi ya kuitaja sifa hii kwa sentensi moja, kwamba Wahaya walitengeneza pua, bila neno lolote juu ya matete, kichuguu au gesi. Wala juu ya misitu iliyoliwa na makaa.

Tena ushahidi bado upo wa kushikwa mkononi. Kipande cha mavi kikisagwa na kuyeyushwa katika asidi, mwanafunzi aweza kupima ni chuma kiasi gani kilichopotea humo, na kwa hesabu hiyo kujua tanuri lilifanya kazi vizuri au vibaya. Vipande vya mabomba navyo huwa na ncha zilizoyeyuka zikawa kama kioo. Urefu wa sehemu iliyoungua husaidia kukisia bomba liliingia kiasi gani motoni, na swali la Rehder lahitaji vipimo vya namna hiyo. Juu ya mavi mengine huonekana alama za matete, mistari yake ikisomeka wazi, ingawa matete yenyewe yaliungua karne nyingi zilizopita.