Utangulizi Uliosahaulika: Santuri ya Kwanza ya WITCH

Nilipomwambia mhadhiri wangu kwamba nataka kuandika insha ya historia kuhusu santuri ya bendi ya vijana, aliniuliza, "Historia iko wapi hapo?" Hakuuliza kwa dharau. Wenzangu walikuwa wamechagua ufalme wa Mwata Kazembe, biashara ya pembe za ndovu, migodi ya shaba na harakati za uhuru. Insha hii ndiyo jibu langu kwake. Nadai kwamba santuri iitwayo Introduction, yaani "Utangulizi", iliyotolewa na bendi ya WITCH mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni ushahidi wa kihistoria kama zilivyo hati za kampuni za migodi, na kwamba mvuto wake unatokana na mambo yale yale yaliyofanya ipuuzwe.

Nianze nyumbani. Mimi ni mtoto wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Samaki wetu hawakuliwa kwetu tu. Kwa miongo mingi samaki wakavu walisafirishwa hadi miji ya migodi ya Katanga na ya Ukanda wa Shaba kuwalisha wachimbaji. Vijana nao walifuata njia hiyo: Mansa, kivuko cha Chembe, kipande cha ardhi ya Kongo, kisha Mufulira na Kitwe. Mjomba wangu aliipita mwaka 1973, akiwa na miaka 20. Waliorudi likizo walileta mablanketi, baiskeli, redio na santuri. Kwa hiyo muziki wa mjini si mgeni kwetu. Ulikuja kwa njia iliyopeleka samaki.

Mjomba alirudi na santuri ya WITCH. Bibi alipoambiwa kwamba neno hilo kwa Kiingereza ni "mchawi", alikataa katakata isilale ndani ya nyumba yake. Haikusaidia kumweleza kwamba vijana wenyewe walisema herufi hizo zinasimamia maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Santuri ikahamishiwa banda la nyavu. Nilipoikuta, miaka mingi baadaye, jalada lilikuwa limeliwa na mchwa na sahani yenyewe imepindwa na joto. Nililazimika kuisikiliza kwenye simu.

Wapenzi wa muziki huuita mtindo huu roki ya gereji. Jina hilo lilitokana na vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliofanya mazoezi kwenye gereji za magari nyumbani kwao, wakiwa na vyombo vya bei nafuu, ujuzi mdogo na ari kubwa. Wa kwetu hawakuwa na gereji. Walikuwa na kumbi za starehe zilizojengwa na kampuni za migodi, na walikuwa na redio iliyowaletea Rolling Stones, Jimi Hendrix na James Brown. Mwimbaji Emmanuel Chanda aliitwa "Jagari" kutokana na Mick Jagger. Chris Mbewe alipiga gitaa la solo, John Muma gitaa la rithimu, Gedeon Mwamulenga besi, na Boidi Sinkala ngoma.

Ukiisikiliza leo, utasikia gitaa linalokwaruza, ngoma zinazokimbilia mbele, na sauti inayoimba Kiingereza chenye lafudhi ya kwetu. Haikusafishwa kama santuri za London. Unahisi vijana watano wako chumba kimoja, wakichungana ili mmoja asiwaache wengine. Mimi navutiwa na hilo kuliko ufundi wowote: nasikia watu wanaojaribu jambo ambalo hawajaona likifanywa na mtu wa kwao.

Hapa ndipo penye pingamizi. Mwanafunzi mwenzangu aliniambia, "Mwacha mila ni mtumwa." Kwa nini kijana wa nchi iliyopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 aige Waingereza, ilhali Luapula kuna kalindula? Pingamizi hili lina haki yake. Wangeweza kuimba Kibemba, na bendi kadhaa za mtindo huu, ulioitwa zamrock, zilifanya hivyo baadaye. Lakini kuiga ni namna ya kujifunza. Hata kwetu ziwani, kijana hushona wavu wa kwanza akiangalia wa mjomba wake. Wa pili ndio huonyesha mkono wake. Tukiitupa kazi ya kwanza kwa sababu ni ya kuiga, hatutajua ya pili ilitoka wapi.

Tuitazame pia tarehe. Mwaka 1969 serikali ya Kaunda ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Desemba 1972 nchi ikawa ya chama kimoja, na Januari 1973 mpaka na Rhodesia ukafungwa. Kufikia 1975 bei ya shaba ilikuwa imeporomoka. Santuri hii ilizaliwa katika mwanya huo mfupi, wakati mshahara wa mgodini bado ulitosha kununua gitaa na tiketi ya dansi. Hati za migodi zitakueleza bei ya tani moja ya shaba. Hazitakueleza kijana wa miaka 20 alitarajia nini Jumamosi jioni.

Kusahaulika kwake nako ni historia. Nakala zilikuwa chache, na bendi iliziuza yenyewe kwenye maonyesho yake. Uchumi ulipoanguka, kumbi zikapungukiwa na watu. Kisha UKIMWI uliwaua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Kati ya wale watano wa mwanzo, Jagari ndiye aliyebaki. Alikuwa mwalimu wa muziki, kisha akachimba vito. Baadaye wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walizitafuta santuri hizo, zikatolewa upya, na mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu bendi. Mwaka 2023, WITCH ikiwa na wanamuziki wengine, ilitoa albamu mpya iitwayo Zango.

Nafurahi kwamba muziki umeokolewa, lakini nina wasiwasi. Wageni wanazo sahani. Waliocheza dansi usiku ule wako huku kwetu, wanazeeka, na hakuna anayewauliza. Nilipompigia mjomba wimbo wa kwanza, alinyamaza hadi mwisho. Nikadhani ameusahau. Kisha akasema, "Mpwa wangu, sauti imekuwa ndogo. Ukumbini ilikuwa inakupiga hapa," akagusa kifua. Akaanza kunitajia waliokuwa naye: aliyerudi Kashikishi kuvua, aliyefia mgodini, na yule ambaye hakurudi kabisa. Hiyo ndiyo historia niliyoulizwa iko wapi.

Mhadhiri ameikubali mada, kwa sharti kwamba nirekodi simulizi ya mjomba kikamilifu. Mpaka sasa nina saa mbili za sauti yake, na bado hajafika mwaka 1975.