Nzige kwa Jicho la Mchoraji na Jicho la Mfugaji

Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, na mwaka 2020 wakatanda kaunti ya Turkana. Kundi la kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige hadi milioni 80. Kwa mfugaji wa huko, iwe Nakalale, Lodwar au Kakuma, huo ulikuwa msiba wa malisho. Hata hivyo nzige hubeba habari zake mwilini: akiwa wa waridi hajakomaa, akigeuka manjano, msimu wa kutaga umewadia. Anayeisoma rangi hiyo anajua la kutarajia. Kwa hiyo kumtazama mdudu kwa makini si anasa, na historia ya michoro ya wadudu inaonyesha njia kadhaa za kutazama.

Njia ya kwanza ni ya Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza. Katika kitabu chake *Micrographia* cha 1665 alimchora kiroboto aliyemwona kwa hadubini, mkubwa hata karatasi yake ikabidi ikunjwe. Kila unywele na kila kiungo kipo. Kwa jicho hilo, nzige hugeuka ajabu: paja la nyuma lina mistari iliyopangika kama mifupa ya samaki, ubavuni mna safu ya vitundu vya kupumulia, na sikio liko tumboni, chini ya bawa. Lakini kiroboto wa Hooke yuko peke yake kwenye karatasi nyeupe. Hatuoni anaishi wapi wala anakula nini.

Njia ya pili ni ya Maria Sibylla Merian, mchoraji aliyekwenda Suriname mwaka 1699, na mwaka 1705 akachapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya wadudu wa huko. Yeye aliweka kiwavi, bundo na kipepeo pamoja katika ukurasa mmoja, juu ya mmea unaowalisha. Sehemu ya aliyoyaandika alielezwa na wenyeji na watumwa walioijua mimea hiyo. Huko Japani, mwaka 1788, mchoraji Kitagawa Utamaro naye alitoa kitabu cha michoro ya wadudu iliyoandamana na mashairi ya mapenzi. Mikononi mwake panzi ana viungo sahihi, na bado anazungumza na moyo wa msomaji.

Waturkana hawakuhitaji karatasi ili kujifunza kutazama. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai ampendaye. Mnyama huyo hupewa jina kutokana na rangi na mabaka ya ngozi yake au umbo la pembe zake, na mwenyewe humwimbia. Anayeweza kumtambua mnyama mmoja kati ya mamia kwa doa la shingoni ana nidhamu ileile ya mchoraji wa anatomia. Tena mfugaji hamtengi mnyama na nyasi, maji na msimu. Hapo ndipo naona anakaa karibu na Merian kuliko Hooke: wote wawili wanaamini kwamba kiumbe hakieleweki kikiondolewa mahali pake.

Hooke bado tunamhitaji, kwa kuwa bila undani wa viungo hatuwezi kumtofautisha nzige na panzi wa kawaida. Ila mchoro utakaomfaa mwanafunzi wa Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi tangu 1992 na watoto wa mataifa mengi, uanzie kwa Merian: yai mchangani, nzige mchanga asiye na mabawa, wa waridi, kisha wa manjano, hao watatu wakiwa juu ya mmea ambao mbuzi wa hapo wanaula. Pembeni uwekwe mguu mmoja uliokuzwa.

Penseli na karatasi havigharimu sana. Shule zikiwapa watoto saa ya kuchora mdudu aliye hai, na wazee wakaitwa kusema wanachokijua kumhusu, Turkana itapata wachoraji wake, na wafugaji watapata picha za kuwasaidia kundi lingine litakapotokea.