Kibali si mali: maktaba za michezo ya video

Zamani mchezo wa video ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Nintendo ilipotoa mashine ya Famicom kule Japani mwaka 1983, kila mchezo ulikuja ndani ya katriji yake. Ukiulizwa unayo mingapi, unahesabu tu. Unaweza kumwazima jirani, au kuiuza ukibanwa na shida.

Mambo yaligeuka Septemba 2003, kampuni ya Valve ya Marekani ilipoanzisha Steam. Mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kusambaza masasisho ya michezo kama Counter-Strike. Mwaka uliofuata ikatoka Half-Life 2, na hata aliyenunua diski dukani alilazimika kujiandikisha Steam kwanza. Baadaye Steam ikawa duka la michezo ya kampuni nyingine pia. Bei zikashuka kila msimu wa punguzo, na mwaka 2010 Humble Bundle wakaanza kuuza michezo kwa mafungu, mnunuzi akijipangia bei mwenyewe.

Basi watu wakanunua kuliko walivyoweza kucheza. Ikazaliwa shida ya viporo: mamia ya michezo iliyolipiwa na haijafunguliwa hata mara moja. Zikaja na dawa zake. Tovuti ya HowLongToBeat inakadiria saa za kumaliza mchezo. Steam yenyewe ilibadilisha sura ya maktaba mwaka 2019, ikaweka makundi yanayojipanga yenyewe kwa aina ya mchezo.

Lakini hivi, unapanga nini hasa? Duka la Wii lilifungwa Januari 2019. La 3DS na Wii U likaacha kuuza Machi 2023. Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, na mchezo huo haukuchezeka tena, hata kwa mwenye diski. California ikapitisha sheria, inayotumika tangu 2025: duka la kidijitali lisitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu.

Sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Tofauti ya kibali na mali tunaijua. Kibali kina mwenyewe, naye anaweza kukichukua.

Ndiyo maana kupanga kwa alfabeti hakutoshi. Afadhali mafungu matatu. La kwanza, michezo iliyomo kwenye diski au memori kadi yako, inayofunguka bila intaneti. La pili, inayotegemea seva ya mtu mwingine. La tatu, iliyobaki jina tu kwenye akaunti, haijapakuliwa bado. Ya pili cheza mapema, maana siku zake hazihesabiwi na wewe. Ya tatu chagua michache, uipakue siku bando lipo. Duka la GOG, lililoanza 2008, huuza michezo isiyo na kufuli: faili unalihifadhi mwenyewe na kulisakinisha hata mtandao ukiwa umekatika.

Kwa mnaosimamia kompyuta za vituo vya vijana, jaribio ni rahisi. Zima intaneti, kisha fungua mchezo mmoja mmoja. Inayofunguka iandikeni kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Hiyo ndiyo maktaba ya kituo. Iliyobaki mmeazimwa.