Ioshe pikipiki bila kuiharibu

MVUA za masika zinapoanza kunyesha jijini Eldoret, vumbi jekundu la barabara za mitaa kama vile Langas, Huruma na Munyaka hugeuka tope zito linalonata. Jioni inapofika, pikipiki iliyobeba abiria tangu alfajiri huwa imefunikwa tope kuanzia kwenye magurudumu hadi chini ya kiti.

Kwa mhudumu wa bodaboda, kuiosha si suala la urembo pekee. Tope huficha nati iliyolegea, waya uliochubuka, oili inayovuja na ufa wa tairi. Aidha, hufyonza na kuhifadhi unyevu unaosababisha kutu. Hata hivyo, pikipiki nyingi huharibiwa na namna zinavyooshwa kuliko na uchafu wenyewe.

Hasara hiyo si ndogo. Tangu serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mnamo 2008, chombo hiki kimekuwa tegemeo la maelfu ya familia nchini Kenya. Wengi hukinunua kwa mkopo unaolipwa kila siku. Siku ambayo pikipiki inalala gereji, deni halilali.

Kosa la kwanza ni kuimwagia maji injini ikiwa ingali moto. Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa kwa hewa, na silinda yake hupata joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi hunywea ghafla, na sehemu zake huweza kupinda au kupata nyufa. Vilevile, bomba la moshi hupoteza rangi, na anayeliosha huweza kuungua. Inafaa pikipiki iegeshwe kivulini, injini ikiwa imezimwa, kwa muda wa nusu saa hivi au hadi injini iweze kuguswa kwa mkono bila kuchoma.

Kosa la pili, ambalo ndilo la kawaida mno, ni matumizi mabaya ya mashine za kurusha maji kwa nguvu. Mwoshaji huipenda mashine hiyo kwa kuwa hung'oa tope kwa dakika chache. Lakini maji hayo hayaishii juu ya chuma. Hupenya mipira ya kuzuia vumbi na kuingia katika beringi za magurudumu na za usukani, kisha huondoa grisi. Siku hiyo mwenyewe haoni dalili yoyote. Wiki kadhaa baadaye gurudumu huanza kulia na kuyumba, naye hulaumu barabara.

Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji huonya dhidi ya kuelekeza maji ya nguvu kwenye vitovu vya magurudumu, tundu la ufunguo, swichi za usukani, sehemu iliyo chini ya tangi na ya kiti, kabureta na mdomo wa bomba la moshi. Maji yakiingia kwenye kichujio cha hewa, injini hukosa pumzi na kukataa kuwaka. Pikipiki za umeme nazo, ambazo zimeanza kuenea nchini, zinahitaji uangalifu kama huo kwenye betri na viunganishi vya nyaya.

Njia salama haihitaji gharama kubwa. Ndoo mbili za maji, sponji, mswaki wa zamani, sabuni laini na vitambaa viwili vikavu vyatosha. Kwanza, mdomo wa bomba la moshi uzibwe, na kizibo hicho kisisahaulike injini inapowashwa. Kisha tope lilowanishwe kwa maji yanayotiririka polepole hadi lilainike. Kulisugua likiwa kavu ni sawa na kupiga rangi msasa, kwani lina chembechembe za mchanga.

Kuosha kuanze juu na kuishia chini: tangi, kiti, mabati ya kando, injini na mwishowe magurudumu. Ndoo moja iwe ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga uliotoka kwenye magurudumu usirudishwe kwenye tangi. Sabuni kali ya unga iepukwe, kwa sababu huondoa mng'aro wa rangi na hula sehemu za alumini taratibu. Sabuni isiachwe ikaukie juani.

Mnyororo ushughulikiwe peke yake. Mafuta ya taa kidogo na mswaki huondoa grisi iliyochanganyika na mchanga. Petroli isitumiwe kamwe. Mvuke wake huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa hayafikii hali hiyo hadi yapate joto la nyuzi 38 hivi. Mnyororo ukishakauka, upakwe oili nzito ya gia, na ile iliyozidi ipanguswe ili isivute vumbi.

Wapo wanaowasha injini na kuingiza gia ili gurudumu lijizungushe wanaposafisha mnyororo. Tabia hiyo ni ya hatari kubwa. Kitambaa kikinaswa kati ya mnyororo na meno ya gia, huvuta mkono nacho, na vidole hukatika kabla ya mtu kuwahi kuzima injini. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

Baada ya kusuuza, pikipiki ikaushwe kwa kitambaa, kisha injini iwashwe kwa dakika chache ili joto likaushe unyevu uliosalia. Oili au mafuta ya kung'arisha yasiguse tairi, diski wala sehemu yoyote ya breki. Kiti pia kisipakwe, kwa kuwa abiria huteleza.

Hatari nyingine huja pindi mwendeshaji anapoondoka. Breki zilizolowa hazishiki ipasavyo, na abiria aliyepanda nyuma hana habari. Kabla ya kumbeba mtu yeyote, mwendeshaji aende polepole mahali pasipo na magari, huku akibonyeza breki mara kadhaa hadi zishike kama kawaida.

Mahali pa kuoshea pia pana uzito wake. Si haki kuingiza pikipiki katika Mto Sosiani au kuosha kando ya maji yake. Oili na sabuni huchukuliwa na mto huo hadi Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria, na njiani wapo wanaoyachota maji hayo kwa matumizi ya nyumbani na kunyweshea mifugo. Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za ubora wa maji zinaharamisha uchafuzi wa aina hiyo.

Kazi hii yote huchukua saa moja hivi. Mwendeshaji anayeifanya mwenyewe hupata faida ya ziada: mkono wake hupita kila mahali, ukagundua spoku iliyolegea au kebo ya breki iliyoanza kukatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.