Ni Ufinyu wa Ateri, si Upungufu wa Damu

Mwambie mgonjwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwamba mguu wake una "upungufu wa damu", naye ataelewa anemia. Atatafuta maini, mboga za dodo na vidonge vya madini ya chuma. Kumbe damu anayo tele. Njia ya kuifikisha kidoleni ndiyo iliyoziba. Aliyechagua istilahi hiyo hakumfikiria mgonjwa.

Istilahi stahiki ni ufinyu wa ateri. Mzizi wake ni finya, yaani bana. Waswahili husema ufinyu wa njia, husema pia ufinyu wa bajeti. Mpangaji wa chumba kimoja Nyamityobora, Mbarara, haulizi maana yake. Neno hilo moja limebeba chanzo na matokeo: mafuta yamejijenga kwenye kuta za mshipa, na damu inayopita haitoshi.

Wengine hung'ang'ania "upungufu wa mishipa". Mishipa gani iliyopungua? Tena mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, na kwa wengi ni ngiri pia.

Ateri, wanalalamika, ni neno la kigeni. Ndiyo, na lina historia ndefu. Wagiriki waliiita arteria, na baadhi ya matabibu wao walidhani inabeba hewa, kwa kuwa katika maiti waliikuta tupu. Galen akathibitisha kwamba ina damu. Mwaka 1628 William Harvey akachapisha maelezo ya mzunguko wake. Kiswahili kilichopokea dawa kutoka Kiarabu na hospitali kutoka Kiingereza hakidhuriki kwa ateri.

Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958, Kiswahili huwakutanisha Wakongo, Warundi na wengineo. Huko istilahi mbovu hugharimu mguu.

Ufinyu wa ateri na hitilafu ya vena zote huleta vidonda vya mguu, lakini matibabu yake si sawa. Kidonda cha ufinyu hukaa vidoleni au kisiginoni, kingo zake zimechongoka wima, na huuma zaidi usiku mguu ukiwa umeinuliwa. Cha vena hupenda upande wa ndani juu ya kifundo, hutoa majimaji, na maumivu hupoa mguu ukiinuliwa. Bendeji ya kubana hutibu hiki cha pili, lakini inaweza kuuozesha mguu wenye kile cha kwanza. Kwa hiyo hupimwa kwanza shinikizo la damu kifundoni na mkononi. La kifundo likigawanywa kwa la mkono na jibu likashuka chini ya 0.9, ufinyu upo. Muuguzi akisoma "ufinyu" kwenye karatasi ya rufaa, atasita kukaza bendeji. Akisoma "upungufu wa damu", hana cha kumzuia.